Matangazo ya Ajabu ya Bustani za Burudani Yasitupwe

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu watunza kumbukumbu za picha na sauti, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya matangazo ya biashara ya televisheni, nami nimechagua aina moja tu, ambayo wengi wetu tungeipita bila kugeuka: matangazo ya zamani ya bustani za burudani za Marekani, zile zenye bembea kubwa, mabwawa ya mawimbi na vigari vya reli vinavyopandishwa juu kisha vikaachiwa viporomoke. Ni matangazo ya sekunde 30 au 60, mengi yao ya ajabu kweli kweli, na hivi leo watu wazima wenye watoto na wajukuu huyatafuta usiku kucha na kuyatazama tena na tena. Nimekuja kuyatetea. Nadai kwamba hamu hiyo ina msingi, na kwamba matangazo hayo yanastahili kutunzwa kama tunavyotunza magazeti ya zamani, pamoja na yale yanayoumiza ndani yake.

Kwanza tujiulize kwa nini yalikuwa ya ajabu. Mwenye bustani ya burudani anauza kitu ambacho televisheni haiwezi kukionyesha. Sabuni huonyeshwa ikitoa povu na gari huonyeshwa likipita barabarani, lakini ile hali ya tumbo kupanda kooni pale kigari kinapoachiwa hakuna kamera inayoweza kuinasa, seuze kuipitisha kwenye kioo kidogo cha televisheni ya sebuleni. Kwa hiyo watengenezaji walitafuta njia za mzunguko. Walifunga kamera kwenye pua ya kigari, waliwapiga picha abiria waliofumba macho na kuachama midomo, walitunga wimbo mfupi wa kurudiwarudiwa mpaka ung'ang'anie kichwani, na pale mawazo yalipowaishia walimleta mtu aliyevalishwa ngozi ya mnyama wa kutunga akawapungia watoto mkono. Isitoshe, walikuwa na haraka. Katika majimbo ya kaskazini bustani hizo hufungwa wakati wa baridi, na mapato karibu yote ya mwaka hupatikana kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Septemba, yaani takribani siku 100. Mvua ya Jumamosi na Jumapili moja ilikuwa pengo lisilozibika. Tangazo la biashara ya namna hiyo halikuwa na muda wa kubembeleza. Na kwa kuwa bustani nyingi zilikuwa mali ya familia au ya kampuni ndogo, waigizaji wake walikuwa wafanyakazi wa bustani na wageni waliofika siku hiyo, na fundi wake alikuwa wa kituo cha televisheni cha mji. Ukitazama leo utamwona kijana anayesahau pa kutazama, au mama anayecheka kabla ya wakati wake. Mimi napenda sana dakika hizo ndogo zilizowaponyoka watengenezaji.

Televisheni na bustani hizi zina undugu wa tangu mwanzo. Walt Disney alipokosa fedha za kutosha kujenga Disneyland, kampuni ya televisheni ya ABC ilitoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya dola milioni 4.5, naye akaipa kipindi cha kila wiki, kilichoanza Oktoba 1954 kikiwa na jina lilelile la bustani. Kwa miezi tisa watoto wa Marekani waliandaliwa kwa ajili ya mahali ambapo bado palikuwa panajengwa, na tarehe 17 Julai 1955 ufunguzi wake ukarushwa moja kwa moja, Ronald Reagan akiwa mmoja wa watangazaji wa siku hiyo. Tangazo la saa nzima kila wiki, likiitwa kipindi! Wenye bustani wengine hawakuwa na kituo cha kushirikiana nacho, na ikawabidi waseme yote kwa nusu dakika.

Mfano mmoja ni Freedomland, iliyofunguliwa mwaka 1960 katika Bronx, mjini New York. Bustani nzima ilipangwa kwa umbo la ramani ya Marekani, na katika sehemu ya Chicago moto mkubwa wa mwaka 1871 uliwashwa upya mara kadhaa kwa siku ili watoto wasaidie kuuzima kwa pampu ya mkono. Wimbo wa tangazo lake uliimbwa kana kwamba mtoto ndiye anayesema, akiwaomba mama na baba wamshike mkono wampeleke. Hapo ndipo penye ufundi wote wa matangazo haya, kwa maana mtoto hana fedha wala gari, ila ana siku nzima ya kuwasumbua wenye fedha na gari. Freedomland ilifilisika mwaka 1964, na mahali pake pakajengwa majengo marefu ya makazi yanayoitwa Co-op City. Bustani ya Palisades, iliyokuwa juu ya majabali ng'ambo ya mto Hudson, ilifungwa mwaka 1971 na nayo ikapisha maghorofa. Wako wazee wa New York na New Jersey ambao hawakumbuki tena ramani ya bustani hizo, lakini ukiwaanzishia wimbo wa tangazo wataumaliza.

Ndugu zangu, hapa naomba tusimame, kwa sababu hamu ya mambo ya zamani ina tabia ya kufagia uvunguni yale isiyotaka kuyaona. Mwezi Aprili 1963, akiwa amefungwa jela mjini Birmingham, Alabama, Martin Luther King aliwaandikia barua viongozi wa dini waliokuwa wakimtaka apunguze mwendo. Katika sentensi moja ndefu kupita kiasi, anamoeleza kwa nini watu weusi hawawezi kuambiwa wasubiri, anamtaja binti yake wa miaka sita, ambaye anataka kwenda kwenye bustani ya burudani iliyotoka kutangazwa kwenye televisheni. Baba anatafuta maneno na ulimi unakuwa mzito. Kisha mtoto anaambiwa kwamba Funtown haiwapokei watoto weusi, na machozi yanamlengalenga.

Funtown ilikuwa Atlanta, mji wa nyumbani kwa akina King. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi, na kila mara nashikwa na jambo lilelile: katika orodha ya kunyongwa, kupigwa na kutukanwa, mwandishi aliona tangazo la televisheni linastahili kuwemo. Alikuwa sahihi. Mawimbi ya televisheni hayakubagua nyumba. Yaliingia kwa mweupe na kwa mweusi yakiwa na wimbo uleule na mwaliko uleule, na ubaguzi ukangoja langoni. Mtoto alialikwa sebuleni kwao na akakataliwa kwenye kiingilio, na mzazi ndiye aliyeachiwa kazi ya kueleza. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba matangazo haya yanamrudisha kwenye utoto usio na doa, namsikiliza kwa heshima, halafu namkumbusha kwamba mwaliko uleule uliwaliza watoto wengine. Tangazo linapotunzwa likaonwa na kizazi kingine, maswali hayo yanaweza kuulizwa. Likifutwa, inabaki simulizi tamu ya wale walioingia tu.

Kuna pia usalama. Huko Vernon, New Jersey, kulikuwa na bustani iliyoitwa Action Park, iliyofunguliwa mwaka 1978 kwenye milima ambayo wakati wa baridi ilitumika kwa michezo ya theluji. Mwanzilishi wake, Gene Mulvihill, aliamini kwamba mgeni ndiye anayepaswa kuamua aende kasi gani. Mgeni alipewa kigari kidogo chenye mpini wa breki, akateremka mlimani kwenye mfereji mgumu, na aliyeanguka alichubuka ngozi. Mwaka 1985 ulifunguliwa mtelezo wa maji uliofungwa kama bomba, ambao mwishoni ulipinda na kumzungusha mtu kichwa chini miguu juu. Ulitumika kwa takribani mwezi mmoja tu ukafungwa. Watu sita walikufa katika bustani ile kati ya mwaka 1980 na 1987, baadhi yao wakizama majini, na milango ikafungwa mwaka 1996.

Matangazo yake yalirushwa na vituo vya New York, na yapo yanayoonekana mpaka leo. Ukiyatazama polepole utaona mengi. Watu wanateleza vifua wazi, bila kofia ngumu. Wanaruka majini kutoka juu ya jabali huku wengine wakiogelea papo hapo chini yao. Vijana wanagonganisha boti ndogo za injini. Na sauti ya mtangazaji inakuhakikishia kwamba hapa mchezo hauishi. Tangazo halidanganyi hata kidogo. Limeonyesha kila kitu, waziwazi, mchana kweupe, na bado lilivuta watu. Waliokuwa watoto wakati ule hulitazama leo kwa mchanganyiko wa kicheko na baridi ya mgongoni, na mimi nadhani hisia hiyo ni ya kweli zaidi kuliko hukumu ya haraka kwamba wazazi wao walikuwa wazembe. Picha zile zinatuonyesha jamii iliyokuwa na kipimo kingine cha hatari kwa watoto wake, na zinaonyesha vizuri kuliko ripoti yoyote ya ukaguzi, kwa sababu aliyezipiga alikuwa anajivunia.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1959 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ilifungua bustani kando ya kiwanda chake mjini Tampa, Florida. Mwaka 1965 iliongezwa mbuga iliyopewa jina la Serengeti, yenye pundamilia na twiga, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 bustani nzima ilitangazwa kwa jina la Bara la Giza. Ilikuwa na sehemu iliyoitwa Nairobi, na nyingine iliyoitwa Stanleyville, ilhali Wakongo walikuwa wameshalibadilisha jina hilo la mji wao kuwa Kisangani mwaka 1966. Halafu mwaka 1998 Disney walifungua Animal Kingdom, na ndani yake kijiji cha Harambe, ambacho wasanifu wake waliiga mji wa Lamu mpaka nyufa za kuta. Bustani hiyo ilitangazwa kwa neno la kubuni, Nahtazu, lililotamkwa kana kwamba ni la Kiafrika, kumbe ni Kiingereza kilichofinyangwa kueleza kwamba mahali pale si bustani ya wanyama tu. Sipendekezi tukasirike na kufunga macho. Napendekeza tuyakusanye matangazo haya sisi wenyewe, tuyatazame pamoja na watu wa Lamu na wa Kisangani, na tuandike kwa Kiswahili kile wanachokiona humo. Kazi hiyo hakuna Mmarekani atakayetufanyia, wala hatuna sababu ya kumngojea.

Sasa nifike kwenye tangazo ambalo mimi naliona kuwa kilele cha ajabu hizi. Mwaka 2004 kampuni ya Six Flags, ambayo bustani yake ya kwanza ilifunguliwa Texas mwaka 1961, ilileta mhusika aliyeitwa Mr. Six. Tangazo linaanza katika mtaa mtulivu ambamo watu wamechoka na kazi zao za nyumbani. Basi la mtindo wa zamani linasimama. Mlango unafunguka, anashuka mzee mwenye kipara na makunyanzi, amevaa suti nyeusi ya sherehe, tai nyekundu ya kipepeo na miwani mikubwa yenye fremu nzito. Anashuka taratibu mno, hatua moja moja, kiasi kwamba unahofia asianguke. Anasimama mbele ya wenye nyumba, hasemi neno. Mara muziki wa kikundi cha Vengaboys cha Uholanzi unalipuka, na mzee yule anaanza kucheza: magoti yanakunjuka, mikono inarushwa huku na huku, kichwa kinatikisika, na uso haubadiliki sana. Kisha anawakaribisha watu ndani ya basi, nao wanapanda.

Kampuni ilikataa kumtaja mchezaji, na watu wakabishana kama ni mzee kweli au ni kijana aliyepakwa vipodozi. Wapo walioona tangazo lile linatisha. Uongozi mpya ulioingia mwishoni mwa 2005 ulimwondoa. Mwaka 2009, mwaka uleule kampuni ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, akarudishwa. Mimi naliona tangazo lile kuwa zuri kwa sababu moja: ndani yake bustani yenyewe inakuja mwishoni kabisa, na kinachouzwa muda wote ni mtu mzima aliyepewa ruhusa ya kucheza mbele za watu. Wazazi wanaolitafuta leo walikuwa na miaka 8 au 10 wakati ule, na sasa wao ndio waliochoka na kazi za nyumbani. Nani atawalaumu wakitaka basi lile lisimame tena mlangoni kwao?

Lakini tumepataje kuyaona yote haya? Matangazo hayakutunzwa na walioyatengeneza. Kanda za studio zilikuwa ghali, zikafutwa na kutumika upya, na msimu ukiisha tangazo la msimu halikuwa na kazi. Yaliyosalia yamesalia kwa sababu watu majumbani walirekodi kitu kingine, mechi au filamu ya usiku, na hawakuwahi kubonyeza kitufe cha kusimamisha matangazo yalipoingia. Deki za VHS, yaani mashine za kurekodi na kuonyesha kanda za video, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla, Universal na Disney, kampuni ambazo leo zinajulikana kwa bustani za burudani kama zinavyojulikana kwa filamu, zilikuwa zimeishtaki Sony kwa sababu ya deki yake ya Betamax, zikitaka watu wasirekodi televisheni nyumbani. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi ili ukitazame baadaye hakuvunji sheria. Laiti jaji mmoja angehamia upande wa pili, sehemu kubwa ya haya ninayowasimulia huenda isingekuwepo.

Nataka pia nimtaje kwa heshima Marion Stokes wa Philadelphia, mwanamke mweusi aliyewahi kufanya kazi ya ukutubi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka alipofariki Desemba 2012 alirekodi televisheni usiku na mchana, deki kadhaa kwa wakati mmoja, akaacha takribani kanda 70,000, ambazo zilikabidhiwa kwa Internet Archive, hifadhi ya kumbukumbu ya mtandaoni. Yeye alijali habari, alitaka ushahidi wa jinsi habari zinavyobadilishwa. Hata hivyo, deki hazichagui, na matangazo yaliyopita kati ya habari yaliingia humo humo. Huyo ndiye ninayemhesabu kuwa mlezi mkuu wa kazi yetu.

Nasi tunaoishi Afrika Mashariki tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973, tena ya rangi, na Tanzania Bara ikasubiri mpaka 1994. Kwa wengi wa Bara deki ilitangulia kufika nyumbani kabla ya kituo chochote, na kanda zilitumwa na jamaa wa Uingereza, wa Ghuba na wa Marekani, matangazo ya kigeni yakiwa ndani. Vituo vyetu vilipoanza, navyo vikawa na matangazo yao, mengi ya ajabu na ya kupendeza, yaliyotengenezwa kwa fedha kidogo na moyo mkubwa. Mengi ya hayo yamelala kwenye makabati yenu hivi sasa, nyuma ya mkanda wa harusi au wa fainali ya mpira.

Kwa hiyo naomba mambo machache ya kiutendaji. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku, na kwenye unyevu wa pwani huota ukungu. Mkiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe msiuingize kwenye deki, kwa maana utachafua vichwa vya deki na vichwa vitauharibu utepe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki hizo, iliacha mwaka 2016, na mafundi wa kuzirekebisha wanapungua. Kanda iliyotoka Marekani imerekodiwa kwa mfumo wa picha wa kwao, NTSC, ilhali deki zetu nyingi ni za mfumo mwingine, PAL, kwa hiyo picha ikikataa kutulia msiitupe mkidhani imekufa. Tafuteni deki inayosoma mifumo yote miwili. Mkiona mkanda umerekodiwa kwa mwendo wa polepole, ule wa saa sita kwenye kanda ya saa mbili, mtegemee picha hafifu na chenga kwenye ukingo wa chini. Hizo si sababu ya kuuacha.

Na vijana mnaofanya kazi ya kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta, hili ndilo ombi langu kubwa kwenu. Mteja akiwaambia mkate matangazo ili abaki na harusi au filamu peke yake, mkatieni nakala yake kama anavyotaka, lakini kwa idhini yake hifadhini nakala nyingine ya mkanda mzima, tangu chenga za mwanzo mpaka za mwisho, mkiandika mwaka, mji na kituo iwapo vinafahamika. Meza ya kupokea kanda iko mlangoni, upande wa kulia, na deki mbili zilizosafishwa zipo tayari mpaka saa kumi na mbili jioni. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali yenu.